Baada ya Nafasi ya Sabini na Mbili

Siku mliyoniaga nikistaafu, wakati keki inakatwa, nyuma yangu vijana wawili wa ofisi yetu walikuwa wanabishana. Mmoja anasema hawezi kuandika programu nje ya yale mazingira makubwa yaliyotengenezwa kwa ajili ya lugha moja tu, yanayomwonyesha kosa kabla hajamaliza kulitenda. Mwenzake anamjibu kwamba huo ni uvivu. Yeye kihariri chepesi kinachofungua faili la aina yoyote kinamtosha, mengine yamo kichwani. Nilitaka kugeuka niseme neno, lakini ndiyo kwanza nilikuwa nalishwa keki, na mtu hazungumzii kompyuta krimu ikiwa mdomoni.

Basi nimekaa nyumbani nimeliandika hapa. Mabishano hayo niliyasikia kwa mara ya kwanza Omurushaka, kwenye chumba chenye dirisha moja, jenereta ikinguruma nje. Na nusura yawanyime maji watu wa kilima kizima.

Niliajiriwa idara ya maji mwaka 1978, msichana wa Nyakasimbi niliyemaliza kidato cha nne na kozi fupi ya kuchora ramani. Wengi wenu mnanijua kama mama wa kompyuta, lakini mimi niliingia kazini kwa kalamu ya wino. Siku ya kwanza nilipelekwa kwa Mhandisi Rweyongeza, Mhaya wa Muleba, mwembamba, mwimbaji wa besi katika kwaya ya Kilutheri, mtu ambaye hata vumbi la Karagwe lilikuwa linamwogopa. Shati lake lilikuwa jeupe asubuhi na jeupe jioni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa karatasi na rula.

"Chora mstari mmoja kutoka hapa mpaka hapa," akasema.

Nikachora. Akauinamia, akautazama kwa muda.

"Mzuri. Sasa chora mwingine unaofanana na huo."

Nilichora mistari inayofanana asubuhi nzima. Mchana nikagundua kwamba hakuwa ananipima mkono, alikuwa ananipima uvumilivu. Alizungumza Kiswahili cha kuchagua maneno, ila alipokasirika alihamia Kihaya, ambacho mimi Mnyambo nilikielewa vizuri kuliko alivyodhani. Sikumwambia. Nilijifunza mengi kwa njia hiyo.

Kabla mwaka haujaisha vita vikaja. Tulifunga darubini za kupimia katika masanduku, tukazipisha gari za jeshi barabarani, na kwa muda mrefu hakuna aliyetuuliza habari za mabomba. Kazi iliporudi ilirudi polepole, bomba moja hapa, mfuko wa saruji pale.

Kazi yetu ilikuwa maji ya mserereko. Chemchemi iko juu, watu wako chini au upande wa pili wa bonde, na katikati hakuna pampu wala dizeli, kuna mteremko tu. Maji yakiteremka yanapata msukumo. Yakisuguana na bomba yanaupoteza. Bomba likiwa jembamba na maji ni mengi, msuguano unakula msukumo wote na watu wa mwisho wanabaki wakisikiliza koki inavyopumua. Mhandisi Rweyongeza alikuwa anapiga hesabu hizo kwa ile rula yenye ulimi unaoteleza katikati, baadaye kwa kikokotoo. Mradi mmoja ulimchukua wiki kadhaa. Akimaliza, anaanza upya kutoka mwisho kurudi mwanzo, kuona kama atafika pale pale. Sijawahi kuona mtu anayejitilia shaka kwa heshima kiasi kile.

Kompyuta ilitufikia mwishoni mwa miaka ya themanini, imeletwa na mtaalamu wa wafadhili aliyekaa nasi msimu mmoja. Alipoondoka alituachia mashine, printa yenye kelele kama cherehani, na programu ya kukokotoa mabomba aliyoiandika kwa lugha ya Fortran. Umeme haukuwepo Omurushaka. Tuliwasha jenereta kwa kipimo, na kila lita ya dizeli iliombwa kwa barua.

Kuandika Fortran kwenye mashine ile kulikuwa hivi. Unaweka diski ya kihariri, kitu kidogo kisichojua lugha yoyote, kinachokuonyesha herufi ulizopiga na basi. Unaandika, unakifunga. Unatoa diski hiyo, unaweka ya kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi yako yawe kitu ambacho mashine inaweza kukitenda. Unasubiri. Ikikubali, unaweka diski ya tatu, ya kuunganisha vipande, unasubiri tena. Ikikataa, inakutupia namba ya kosa; unafungua kitabu kutafuta maana ya namba, unarudisha diski ya kwanza, unaanza upya. Muda wa kusubiri Mzee, ndivyo tulivyomwita Mhandisi Rweyongeza, aliutumia kuchonga penseli. Tulikuwa na penseli kali kuliko ofisi yoyote mkoani.

Lakini alikipenda kihariri chake. Alijifunza funguo zake zote kwa moyo, vidole vyake vilikuwa vinatembea bila yeye kutazama kibodi, na faili lolote aliloletewa alilifungua humo: programu, vipimo vya mafundi, barua. Ilikuwa raha kumtazama.

Mimi nilipelekwa kozi Mwanza. Huko nikafundishwa Pascal, na nikafundishwa ndani ya mazingira yake yenyewe: skrini ya bluu, herufi za njano, kila kitu mahali pamoja. Unaandika, unabonyeza kitufe kimoja, programu inakimbia hapo hapo. Ukikosea, inakwambia umekosea nini kwa maneno, na kishale kinakwenda chenyewe kusimama juu ya kosa. Unaweza hata kuikimbiza programu mstari kwa mstari, ukiangalia kila namba inavyobadilika. Nilipoona hayo mara ya kwanza nilicheka peke yangu darasani, na mwalimu akaniuliza kama kuna tatizo.

Nilirudi Omurushaka na diski yangu ndani ya mfuko wa nailoni, kama mtu aliyebeba yai. Nikamwonyesha Mzee. Alitazama mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Nzuri sana," akasema. "Inajua Fortran?"

"Hapana, Mzee. Inajua Pascal tu."

"Barua ya dizeli nitaiandikia humo?"

"Unaweza, lakini..."

"Lakini itanilalamikia kwamba 'Ndugu Mkurugenzi' si Pascal." Alitabasamu kidogo. "Adelina, kihariri changu hakijui kitu, na hiyo ndiyo sifa yake. Hakiniulizi ninaandika nini. Mimi wa kuniuliza maswali ninao tayari, wanakaa makao makuu."

"Mzee, mimi maswali hayo ndiyo ninayoyapenda. Kosa naliambiwa hapo hapo."

"Mtu anayejua kwamba ataambiwa anaacha kutazama."

Alikuwa amesema kitu cha maana. Tukakubaliana hivi: yeye ataendelea na Fortran yake kwa kazi za ofisi, na mimi, dizeli ikibaki, nitaiandika upya ile programu ya mabomba kwa Pascal, kama zoezi.

Wakati huo tulikuwa na mradi upande wa Nyakatuntu. Enzi hizo Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya Karagwe. Chemchemi ilikuwa juu ya mlima. Chini yake tangi, kisha bomba kuu linateremka mpaka shuleni, ambako linagawanyika. Tawi moja linakwenda vijiji vya bondeni. Bomba kuu lenyewe linavuka bonde na kupanda tena mpaka kitongoji cha mwisho, Kashenyi, juu ya kilima cha pili. Watu wa Kashenyi walikuwa wanateka maji bondeni na kuyapandisha kichwani. Ukikutana na mwanamke wa kule njiani unampisha, hata kama wewe ndiye mwenye haraka.

Fundi mkuu wa mabomba alikuwa Ndayizeye, mtu wa asili ya Burundi aliyezaliwa huku huku, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Mwenyekiti wa kamati ya maji ya Kashenyi alikuwa Mama Leokadia, mjane mwenye shamba kubwa la migomba na ulimi usiokwepa. Bomba lilikuwa limeshalazwa kutoka tangini mpaka shuleni, na tawi la bondeni lilikuwa linatoa maji. Kashenyi walikuwa wamemaliza kuchimba mtaro wao, mrefu, katika ardhi yenye mawe. Mabomba yao yalikuwa yamepangwa kando ya mtaro, yakingoja kulazwa.

Hapo ndipo programu yangu ya Pascal ilipokamilika. Niliijaribu kwa miradi ya zamani tuliyoimaliza, na kila mara namba zilifanana na zile ambazo Fortran ilitoa enzi hizo. Nikafurahi. Nikaingiza vipimo vya Nyakatuntu. Kuanzia tangini namba hazikufanana. Programu ya Mzee ilisema maji yatafika Kashenyi na msukumo wa kutosha. Yangu ilisema hayatafika kabisa.

Niliikimbiza mstari kwa mstari, mara ya kwanza, mara ya pili. Sikuona kosa. Nikachapa karatasi mbili, moja ya kila programu, nikaenda kusimama mbele ya meza yake.

Alizisoma. Akahamia Kihaya kidogo, kwa sauti ya chini. Kisha akarudi kwenye Kiswahili.

"Programu hii imeleta maji Nyakasimbi, nyumbani kwenu. Yako imeleta maji wapi?"

"Bado haijaleta popote, Mzee."

"Mimi ningekuwa wewe ningetafuta kosa upande wangu."

"Nimelitafuta. Sijaliona. Kama lipo, mabomba yalazwe. Kama halipo, yakilazwa tumewafukia watu wa Kashenyi mtaro mtupu."

Angeweza kuniambia nirudi kwenye meza yangu ya kuchorea, na hakuna ambaye angemlaumu. Nilikuwa mchora ramani aliyehudhuria kozi. Aliinuka akachukua kofia yake.

"Tusibishane sisi," akasema. "Twende tukaliulize bomba."

Tulikwenda na Landrover mpaka shuleni. Ndayizeye akafunga geji ya presha kwenye chemba, pale bomba linapogawanyika. Mzee akachukua chaki akaandika juu ya mfuniko namba mbili, yake na yangu, ili asiwepo wa kusahau baadaye nani alisema nini. Tukafungua koki za shule na za zahanati iliyo jirani yake, na upande wa Kashenyi tukaacha maji yamwagike bondeni kwa kiasi kile kile ambacho kitongoji kingekitumia.

"Funga tawi la bondeni kwanza," Mzee akamwambia fundi.

Ndayizeye akafunga. Sindano ikatulia kwenye namba ya Mzee, kana kwamba imeisoma kwenye chaki.

"Sasa fungua."

Ndayizeye akazungusha valvu. Sindano ikaanza kurudi, ikaiacha namba ya Mzee, ikaendelea kurudi, ikatetemeka, ikasimama jirani kabisa na yangu.

"Funga," Mzee akasema. "Fungua tena."

Ikawa vile vile. Alisimama akiitazama ile geji, na sisi wawili hatukutazamana naye. Sikujisikia mshindi hata kidogo. Tangu siku ile ya mistari nilikuwa sijawahi kumwona akikosea kitu, na sikuwa nimejiandaa.

Tukarudi Omurushaka. Ofisini akaniomba nimchapie programu yake ya Fortran yote, kila ukurasa, akazitandaza karatasi juu ya meza, akavaa miwani.

"Tawi likifungwa, nasema kweli. Likifunguliwa, nasema uongo," akasema, zaidi kwa karatasi kuliko kwangu. "Kwa hiyo programu yangu haijui kwamba kuna tawi. Lakini mimi mwenyewe nimeliona likiwa limeandikwa."

Na kweli lilikuwa limeandikwa. Kulikuwa na mstari mmoja mrefu unaojumlisha maji yote yanayopita ndani ya bomba: maji ya vituo vya kuchotea, jumlisha ya shule, jumlisha ya zahanati, jumlisha ya tawi. Mimi niliusoma na Mzee akausoma. Ulikuwa sahihi. Tuliusoma mpaka maneno yakaanza kuonekana ya kigeni.

Kisha Mzee akaweka rula ya chuma juu ya karatasi na kuanza kuhesabu herufi kwa ncha ya penseli, moja moja, midomo ikicheza. Nikamwona anafika karibu na mwisho wa mstari, anasimama. Akavua miwani.

Inabidi niwaeleze, maana ninyi hamkuyaona mambo haya. Fortran ilizaliwa wakati programu zinatobolewa kwenye kadi ngumu, mstari mmoja kadi moja. Nafasi za mwisho za kadi ziliachwa kwa ajili ya namba ya kadi, kwa hiyo lugha yenyewe ilifundishwa kusoma mpaka nafasi ya sabini na mbili na kupuuza chochote kilichoandikwa baada ya hapo. Kadi ziliondoka, desturi ikabaki. Ukivuka nafasi hiyo, kompaila haikupigii kelele. Inaacha kusoma tu.

Mstari ule, mtaalamu alipouandika, ulikuwa umebanwa mwanzoni kabisa na ulitosha. Lakini Mhandisi Rweyongeza, mtu nadhifu, alipokuwa anaiandaa programu kwa ajili ya Nyakatuntu alisogeza mistari ya ndani kidogo kuelekea kulia, ili mtu akiitazama aone mpangilio. Ule mstari ukasogea nayo, na mkia wake ukavuka. Maji ya tawi la bondeni yakabaki upande ambao mashine haitazami. Na bahati mbaya zaidi, mkato ulipita kabla ya alama ya kujumlisha. Ungepita herufi moja mbele, alama ingebaki ikining'inia na kompaila ingelalamika. Ulivyokatika, kilichobaki kilikuwa hesabu kamili, safi, ya bomba jingine kabisa.

"Kihariri chako hakijui kitu," nilisema, na nilipoyasikia maneno yangu nikatamani kuyarudisha.

Lakini Mzee alicheka, kicheko kifupi.

"Hakijui. Mimi ndiye niliyepaswa kujua." Akakunja karatasi taratibu. "Hayo mazingira yako ya bluu, yangelijua hili?"

"Kama yangekuwa ya Fortran, nadhani yangeuonyesha mkia kwamba umetoka nje."

"Nadhani hivyo pia. Haya. Washa mashine, tuone namna ya kuwapatia Kashenyi maji yao kwa mabomba tuliyonayo."

Siku zilizofuata ndizo zilizonifanya niipende kazi hii moja kwa moja. Stoo ilikuwa na mabomba mapana machache yaliyobaki kutoka mradi mwingine. Swali lilikuwa yawekwe wapi ili yasaidie zaidi. Kwa kihariri na diski tatu, kila jaribio lingekula nusu ya dizeli yetu. Kwa Pascal nilibadilisha urefu, nikabonyeza, nikaona, nikabadilisha tena. Mzee alikaa pembeni yangu akisoma ramani, akisema "jaribu hapa," na mimi najaribu kabla hajamaliza sentensi. Yeye alikuwa na kilima kizima kichwani, mimi nilikuwa na mashine isiyochoka. Jibu lilipotoka halikuwa zuri, ila liliwezekana: kipande cha juu, kutoka tangini kuja chini, kifukuliwe na kuwekwa bomba pana.

Nilitarajia Mzee atamtuma Ndayizeye akawaambie watu. Alikwenda mwenyewe, na akaniambia nifuatane naye. Watu wa Kashenyi walikusanyika pembeni ya mtaro wao, majembe yakiwa bado mkononi.

"Mhandisi," Mama Leokadia akaanza baada ya salamu, "mtaro umekwisha. Mbona mabomba yamelala tu kama wagonjwa?"

"Kwa sababu nilikosea hesabu," akasema Mhandisi Rweyongeza. "Si fundi, na huyu dada hakukosea, yeye ndiye aliyeliona. Nimekosea mimi. Tungelaza mabomba haya kama yalivyopangwa, maji yasingefika kwenu."

Mwanamume mmoja nyuma akatema mate kando.

"Kwa hiyo hayaji?" Mama Leokadia akauliza.

"Yanakuja. Lakini kipande cha juu, kutoka tangini, lazima kifukuliwe, tuweke bomba jingine."

"Kule hatukuchimba sisi. Walichimba watu wa bondeni, na wao maji wanayo. Nani atawaambia wafukue walichokifukia, kwa ajili ya watu wa kilima kingine?"

"Nitawaambia mimi, waitu, mama yetu. Na nitakuja na sepetu."

Mama Leokadia alilitazama shati lake jeupe kuanzia kola mpaka mkanda. Wengine wakaanza kucheka, si vibaya.

"Basi na sisi tutashuka," akasema. "Hatutakuacha uwafukulie watu mtaro peke yako, utaumwa mgongo na sisi tukose mhandisi."

Walishuka, na sepetu la Mzee lilikuwepo, na lilifanya kazi, ingawa Ndayizeye aliniambia baadaye kwamba alilazimika kupitia kila alipochimba Mhandisi na kunyoosha. Watu wa bondeni walikuja kutazama wakiwa wamekunja mikono. Siku ya kwanza walitazama tu. Siku ya pili mzee wao mmoja akasema haiwezekani wageni wachimbe mbele ya nyumba yake yeye akiwa amekaa, akaleta jembe, na wanawe wakamfuata. Wake zao walileta ndizi za kuchemsha na maharage. Sijui kama hesabu yetu ilikuwa na mahali pa kuandika kitu kama hicho.

Maji yalipofunguliwa tulikuwa Kashenyi. Kwanza koki ilipiga mluzi wa hewa, ikakohoa, ikatema tope jekundu. Kisha ikanyamaza kwa muda ambao sikuupenda. Ndayizeye aliinama akaweka kiganja juu ya bomba. "Yanakuja, nayasikia," akasema kwa ile sauti yake ndogo. Na yakaja, kwanza mekundu, kisha ya rangi ya chai ya maziwa, kisha hayakuwa na rangi. Wanawake walipiga vigelegele. Mama Leokadia hakupiga. Alijaza ndoo yake, akaibeba mpaka nyumbani kwake, hatua chache tu, akarudi na ndoo tupu akaijaza tena, akaipeleka, akarudi. Mtu akamwambia maji hayaendi popote. Akasema anajua, anataka tu kuona safari ilivyo fupi.

Mtataka kujua tulichagua nini baada ya hapo. Hesabu zote za mabomba zilihamia Pascal, kwa amri ya Mzee mwenyewe. Lakini kihariri chake hakukitupa. Juu ya kila faili la Fortran lililobaki aliandika mstari wa maelezo wenye alama zinazohesabu nafasi, moja mpaka sabini na mbili, kama rula iliyolazwa juu ya ukurasa. Akawa anauona mpaka huo kwa macho yake. Alikipa kihariri kile ujuzi ambao hakikuzaliwa nao, kwa mkono.

Na miaka michache mbele nilishukuru kwamba alikitunza. Wakimbizi walipoingia Karagwe kwa wingi, wahandisi wa misaada walikuja na programu zao zilizoandikwa kwa lugha ya C, wakihitaji vipimo vyetu vyote vya vilima na chemchemi, vimepangwa kwa namna yao, na haraka, kwa sababu watu walikuwa wanakunywa maji ya madimbwi. Yale mazingira yangu ya bluu yalifungua faili la vipimo, yakasema ni kubwa mno, yakakataa. Mzee akanisogeza kwa kiwiko. Hakukaa hata kwenye kiti. Alilifungua kwenye kihariri chake kipande kwa kipande, akapanga safu upya, vidole vikitembea, na jua lilikuwa bado juu alipowakabidhi diski. Kijana mmoja wao alimuuliza hicho ni chombo gani, hajawahi kukiona. "Ni cha kuandikia," Mzee akamjibu.

Alistaafu muda si mrefu baada ya hapo. Siku yake ya mwisho hakutaka hotuba. Mizigo yake ilikuwa imeshapelekwa stendi, basi la Bukoba lilikuwa linapita mchana, na mimi nilidhani atakuja kuaga na kuondoka. Alivuta kiti akakaa mbele ya mashine, mahali pangu, shati jeupe, miwani puani.

"Adelina, ile namna ya kuikimbiza programu mstari kwa mstari. Nimekuona ukifanya miaka yote. Nionyeshe."

"Leo, Mzee?"

"Kesho nitakuwa Muleba."

Nikafungua ile programu ya mabomba na vipimo vya Nyakatuntu, nikamwonyesha kitufe. Akakibonyeza mara moja, akasubiri, akasoma namba zilizobadilika, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akabonyeza tena. Aliuliza kwa nini namba hii imekuwa sifuri; nikamweleza. Aliuliza kama anaweza kurudi nyuma. Nikamwambia hapana, ni mbele tu. Nje basi likapiga honi, na Ndayizeye akachungulia mlangoni kusema kondakta anamwita.

"Mwambie nakuja," akasema Mhandisi Rweyongeza, bila kuondoa macho kwenye skrini, kidole kikiwa juu ya kitufe. "Nataka kuona inaingiaje kwenye tawi."